Pilipili Nairobi: kwa nini miche hufa siku inapotolewa nje

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kuotesha pilipili, ushauri utakaokutana nao kwanza ni huu: sia mbegu ndani ya nyumba wiki nane hadi kumi kabla baridi ya kugandisha haijakwisha, weka trei kwenye dirisha linalotazama kusini, kisha toa miche nje pole pole majira ya joto yanapokaribia. Ni ushauri mzuri sana kwa mtu wa Chicago au London. Mtu wa Umoja au Rongai hana pa kuushikia. Baridi ya kugandisha haipo, dirisha la kusini halina maana iliyo nayo kule, na joto halina tarehe ya kufika.

Hapo watu hugawanyika. Kuna wanaofuata maelekezo neno kwa neno, halafu wakashangaa. Na kuna wanaosema mambo hayo hayatuhusu, sisi tuko ikweta, mbegu tupa tu chini itajiotea. Hawa wa pili wana ukweli fulani, maana pilipili kichaa huota yenyewe chini ya miti wanapotua ndege. Ndege hawausikii ukali wake, kwa hiyo hula tunda na kuzisambaza mbegu popote. Ila hakuna anayehesabu mbegu ngapi ziliozea pale pale.

Ule ushauri wa ughaibuni umefunga pamoja maswali mawili: je, mbegu imepata joto la kutosha, na je, jani limeshakuwa tayari kwa jua? Kwao yote mawili hujibiwa na kipupwe kimoja, ndiyo maana kalenda inatosha. Nairobi maswali hayo yametengana. Baridi yetu inaisumbua mbegu, na jua letu linaliunguza jani, na mara nyingi hayo hutokea katika wiki zilezile.

Tuanze na mbegu. Pilipili zote, kuanzia hoho tamu hadi zile za kutoa machozi, asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na ni mimea ya joto. Mbegu huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 30, na hapo utaona kitu ndani ya siku saba hadi kumi. Kwenye nyuzi 20 inajivuta wiki mbili au tatu. Chini ya 15 inakaa tu, na ikikaa ndani ya unyevu kwa muda mrefu huishia kuoza. Sasa fikiria Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya bahari. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, mchana haupandi sana juu ya 22, na udongo uliolowa kwenye trei huwa baridi kuliko hewa kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto. Trei iliyowekwa juu ya kigae cha dirisha mwezi huo inaweza isifike nyuzi 20 hata siku moja. Trei hiyo hiyo, mbegu hizo hizo, dirisha hilo hilo, mwezi wa Februari huchipua kana kwamba hakuna kilichokuwa kigumu.

Aina nayo ina neno lake. Hoho na pilipili ndefu za kawaida, ambazo wataalamu huziita Capsicum annuum, ni za haraka. Pilipili kichaa, Capsicum frutescens, hujivuta. Pilipili mbuzi zinazopendwa sana Pwani ni za jamii ya Capsicum chinense, jamii moja na habanero, na hizo penye baridi zinaweza kukuweka mwezi mzima ukikodolea macho udongo mtupu. Anayekwambia mbegu zake ni mbovu baada ya siku kumi na mbili za Julai, mwambie asubiri.

Au azitafutie joto. Nyumba ya Nairobi haina hita, lakini ina vitu vinavyotoa joto mchana na usiku bila mtu kuvitilia maanani: juu ya friji, upande wa nyuma, juu ya dikoda ya televisheni, kando ya kile kisanduku cha Wi-Fi. Weka mbegu katikati ya karatasi ya shashi yenye unyevu, usiilowanishe hadi ikadondosha maji, zitie kwenye kopo lenye kifuniko, kisha kopo liweke hapo. Mbegu ya pilipili haihitaji mwanga ili iote. Inataka joto, unyevu na hewa, basi. Chungulia kila siku. Kizizi cheupe kikitokeza, ihamishie kwenye udongo kabla hakijarefuka, kina kisichozidi sentimita moja, nacho kikiangalia chini. Anayependelea kusia moja kwa moja kwenye trei aifunike kwa plastiki na kuipandisha juu ya friji vilevile, akikumbuka kwamba joto la chini hukausha udongo upesi.

Kuhusu mbegu zenyewe, pakiti ya agroveti yenye stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, ndiyo njia ya uhakika. Pilipili za kununua Marikiti nazo huota, mradi ziwe zimeiva hadi zikawa nyekundu au njano kabisa. Mbegu za pilipili ya kijani mara nyingi hazijakomaa. Ila jua kwamba tunda likiwa limetoka kwa mbegu chotara, watoto hawatafanana na mama. Ukizitoa kwa mkono mtupu, usiguse jicho siku hiyo. Maji pekee hayaondoi ukali ule, kwa sababu hauyeyuki vizuri ndani ya maji bali ndani ya mafuta. Jipake mafuta ya kupikia mikononi kwanza, ndipo unawe kwa sabuni.

Siku mche unapochomoza ndiyo siku ya kuutoa juu ya friji. Si kesho. Unaanza kwa kutoa shingo iliyojikunja, kichwa kikiwa bado kimezama ardhini, halafu shingo inanyooka na kuvuta majani mawili membamba yaliyochongoka. Hayo ni majani ya mbegu. Mara nyingine ganda la mbegu hung'ang'ania juu yake na kuyabana yasifunguke, hasa hewa ikiwa kavu. Usilivute. Lidondoshee tone la maji, ngoja saa moja lilainike, kisha lisukume kando kwa ncha ya kijiti cha meno. Likigoma, rudia kesho. Mche unaoachwa gizani hata siku mbili hurefuka kwa pupa kuutafuta mwanga, shina likawa jembamba na jeupe, na kuulazimisha urudi nyuma haiwezekani.

Mwanga sasa, na hapa ndipo maelekezo ya nje yanapopotosha kabisa. Dirisha la kusini linasifiwa Ulaya na Marekani kwa sababu huko jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu huvuka. Kuanzia katikati ya Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Miezi inayobaki hupita kusini. Balkoni inayotazama kaskazini hupata jua Juni na kulikosa Desemba, ile ya kusini kinyume chake. Machi na Septemba jua linapokuwa utosini, balkoni yoyote kati ya hizo mbili iliyoezekwa na sakafu ya jirani wa juu haipati kitu mchana. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuotesha vizuri Januari, akarudia Julai mahali palepale, akaona miche inarefuka shingo na kuinama. Anailaumu mbegu, kumbe jua ndilo lililohama.

Dirisha la mashariki halina mashaka hayo. Hupata jua la asubuhi miezi yote kumi na miwili, na ni jua la upole. La magharibi pia hupata mwaka mzima, ila la alasiri, ambalo ni kali zaidi na linakuta kuta zimeshapata moto. Kwa miche michanga ningechagua mashariki bila kufikiri mara mbili. Kwa wale wa Pipeline na mitaa mingine ambako jengo limekaribia kugusana na jingine, dirisha huenda lisitoshe hata liangalie wapi. Hapo ni paa la jengo kama mwenye ploti anaruhusu, au taa nyeupe ya LED iliyoning'inizwa sentimita chache juu ya miche kwa saa kumi na nne hivi kwa siku.

Kuna kifo kimoja ambacho hakingoji mche utoke nje. Asubuhi unaukuta umelala, majani bado ni ya kijani, lakini shina pale linapogusana na udongo limesinyaa likawa uzi wa rangi ya kahawia. Mabwana shamba hukiita kinyausi. Husababishwa na vimelea kama Pythium na Rhizoctonia vinavyostawi kwenye udongo uliolowa, baridi na usiopitisha hewa, na mche ukishaanguka hauinuki tena. Kinga yake ni ya kawaida tu: usisie mbegu kwa msongamano, mwagilia asubuhi badala ya jioni, acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kuongeza maji, fungua dirisha hewa ipite. Udongo wa msituni unaouzwa kando ya barabara pamoja na maua ni mzuri lakini umebeba kila aina ya mgeni. Umwagie maji yanayochemka, uache upoe na kuchuja, ndipo usie. Kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, haina shida hiyo, ila haina chakula pia, kwa hiyo mche ukishatoa majani halisi mawili, yale yanayofuata majani ya mbegu, unataka mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Hapo kwenye majani halisi mawili ndipo pa kuhamishia kila mche kwenye chombo chake. Pakiti ya maziwa iliyokatwa na kutobolewa chini inatosha. Shika mche kwa jani, kamwe usiushike kwa shina: jani likichanika litaota jingine, shina likipondeka basi.

Jani la mche uliokulia ndani limejengwa kwa maisha ya ndani. Ni pana, jembamba, laini, na ile nta inayolifunika ni kidogo. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga lakini huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, hasa ile inayounguza, na hata mwanga wenyewe unaofika ndani ni sehemu ndogo ya ule wa nje. Macho yetu hujirekebisha, ndiyo maana hatuoni tofauti. Mche unaiona. Juu ya hayo, tuko ikweta na tuko juu mlimani, hewa iliyo juu yetu ni nyembamba na inachuja kidogo. Katika miezi ya jua kali, kipimo cha miale hiyo jijini huvuka 11 adhuhuri, na 11 ndipo ngazi ya juu kabisa ya kipimo hicho inapoanzia. Mtu wa Uingereza anayetoa miche yake Mei hakutani na kitu cha namna hiyo. Ushauri wake wa kuzoesha miche kwa wiki moja umepimwa kwa jua lake.

Jani lisilo tayari likikutana na jua hilo huonyesha ndani ya saa chache. Kwanza linapoteza mng'ao, kisha linageuka kijivu, na kufikia kesho yake lina mabaka meupe, makavu, yanayovunjika ukiyagusa. Angalia yalipo: ni upande uliotazama jua tu, na penye kivuli cha jani jingine pamebaki kijani, mpaka umechorwa wazi. Wengi wakiona hivyo hukimbilia dawa ya ukungu. Hakuna ukungu wowote, ni kuungua, na baka hilo haliponi. Lakini mche si lazima ufe. Tazama kichipukizi cha katikati. Kikiwa bado ni kijani, urudishe kivulini na uupe muda.

Kichipukizi hicho ndicho kinachoeleza maana nzima ya kuzoesha. Jani la zamani huweza kujirekebisha kidogo, ila si sana. Mabadiliko makubwa yako kwenye majani yanayozaliwa mche ukiwa nje: madogo zaidi, mazito, ya kijani iliyokolea, yenye nta. Kwa hiyo badala ya kuhesabu siku, mimi hungojea majani mawili mapya yaliyofunguka nje. Wakati wa joto hiyo ni kama wiki mbili. Julai inaweza kuwa zaidi, na hakuna namna ya kuharakisha.

Anza mche ukiwa na majani matano au sita na urefu wa kiganja hivi. Siku za kwanza uwe nje lakini kivulini kabisa, upate upepo tu na mwanga wa anga. Upepo nao ni mwalimu, shina linalotikiswa hunenepa. Baada ya siku mbili tatu upe jua la asubuhi hadi saa tatu, kisha saa nne, kisha saa tano, ukiongeza pale tu unapoona jana haikuacha alama. Jua la kati ya saa tano na saa tisa liwe la mwisho kabisa. Usiku, kuanzia Oktoba hadi Machi, unaweza kuiacha nje bila wasiwasi. Juni hadi Agosti iingize ndani, maana chini ya nyuzi 12 hivi pilipili husimama kukua hata isipokufa.

Tatizo la ratiba hii ni kwamba imeandikwa na mtu anayeshinda nyumbani. Anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku hawezi kuhamisha trei saa nne. Julai na Agosti ndizo za kuhadaa zaidi: unatoka kukiwa na wingu zito, unaiacha miche nje ukijiambia leo hakuna jua, saa saba linachomoza ghafla kwa saa mbili. Suluhisho ni kuliachia jengo kazi ya kuhamisha. Tafuta mahali panapopata jua la asubuhi na kuingia kivulini kwa ukuta au paa ifikapo saa tano, uiweke hapo, uende kazini. Pasipokuwepo, neti ya kivuli ya agroveti, au leso nyepesi iliyofungwa juu ya kamba za nguo, itafanya kazi hiyo. Ukiikuta imenyong'onyea na udongo bado una unyevu, usiongeze maji. Ipe kivuli, itainuka jioni.

Upandaji wenyewe si mgumu. Chagua jioni au siku ya mawingu ya kweli, mwagilia mche saa moja kabla, uutoe na udongo wake, uuzike kwa kina kile kile ulichokuwa nacho. Nyanya hupenda kuzikwa shina kwa sababu hutoa mizizi hapo kwa urahisi. Pilipili haina bidii hiyo. Shambani acha sentimita 45 kati ya mche na mche. Kwenye balkoni, ndoo ya rangi ya lita kumi iliyotobolewa vizuri chini inatosha mmea mmoja. Udongo mwekundu wa upande wa Karen na Kiambu ukichanganywa na samadi iliyooza unafaa sana. Ule mweusi wa Embakasi na Athi River hushika maji hadi mizizi ikakosa hewa, kisha ukikauka unapasuka na kuikata. Usiutie kwenye ndoo hata kama ni wa bure. Kwenye bustani ya ardhini, zungushia shina kipande cha pakiti ya maziwa kilichozama kidogo ardhini, maana sota, viwavi wanaojificha udongoni, huja usiku na kukata mche kwa usafi wa kisu.

Na maji: mgao ukikatika, wengi hutegemea kisima kirefu cha ploti. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana chumvi ya sodiamu na floraidi nyingi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo wa ndoo na majani mapya yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, acha kumlaumu mdudu. Kinga maji ya mvua, na mara moja moja mwagia hayo mengi hadi yatoke chini.

Lini basi? Ningesia mwisho wa Agosti au Septemba, juu ya friji, baridi ikiwa inaondoka. Miche inakuwa tayari kutoka Novemba, mvua za vuli zinaisaidia kushika, na matunda yanaanza kuja kwenye joto la Januari na Februari. Kusia Desemba nako kunafaa, ila miche itazoeshwa kwenye jua kali kuliko yote na kupandwa mvua za masika zikibisha hodi. Mvua kubwa ya Aprili huivunja na kuleta madoa ya bakteria. Aliyechelewa akapanda Mei asishangae maua yakidondoka Julai. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 16 hivi, maua mengi hushindwa kushika tunda, na pilipili mbuzi ndizo za kwanza kulalamika. Si ugonjwa na hakuna mbolea ya kulitibu hilo. Usiung'oe mmea. Pilipili isipouawa na baridi kali huishi zaidi ya mwaka mmoja. Punguza matawi Agosti, weka samadi, na Oktoba itachanua upya.